Ushuhuda Wangu wa Pili

Kanisani kwetu nimesimama mara nyingi kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa hai katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Watu huitikia amina, akina mama hunikumbatia, nami hurudi kuketi. Ushuhuda huo ni wa kweli na nitaendelea kuutoa. Upo wa pili ambao sijawahi kuusema mbele ya watu: jinsi nilivyoishi miaka mingi baada ya siku hiyo, mzima kwa aliyenitazama, mgonjwa kwa aliyelala nami chumba kimoja, na jinsi nilivyotibiwa. Nimetibiwa kwa dawa, na nimetibiwa kwa mazungumzo. Tiba zote mbili nimezipitia mwenyewe, na hazikufanya kazi moja.

Siku yenyewe sasa naweza kuieleza. Ilikuwa Ijumaa, yapata saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya ghorofani karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ambako ubalozi wa Marekani ulikuwa wakati huo. Tulisikia kwanza mshindo mdogo, kisha milio ya bunduki. Watu wakainuka kwenda dirishani kutazama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika majengo mengi ya eneo lile, na ndiyo sababu watu wengi sana waliumia macho asubuhi ile: walikuwa wamesimama nyuma ya vioo. Mimi nilikuwa nimeshika simu, naongea na mteja wa Thika. Mwenzangu wa meza ya pili, tuliyekula naye chakula cha mchana kila siku, aliinuka, akanipungia mkono nimfuate, akaenda. Nilimwona anainuka. Nilimwona anapita kati ya meza. Kisha bomu likalipuka.

Yeye alifariki. Mimi nilishonwa bega na kichwa, nikarudishwa nyumbani. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani na ubalozi, liliporomoka lote. Nairobi peke yake watu 213 walikufa, Dar es Salaam 11 katika mlipuko mwingine uliopishana na wetu kwa dakika chache, na majeruhi walikuwa maelfu.

Mishono ilipona upesi. Yaliyobaki hayakuwa na mshono. Kwenye matatu sikukaa kamwe kiti cha dirishani, na ikiwa hakuna kingine kilichobaki nilishuka. Nyumbani niliweka mapazia mazito na sikuyafungua hata mchana. Tairi likipasuka barabarani nilijikuta nimechutama kabla sijajua nimetoka kitini. Nikipita penye ujenzi, harufu ya vumbi la saruji ilinirudisha ofisini, nami nikavisikia vioo. Usiku niliamka saa tisa nimelowa jasho, na mume wangu, Baba Mumo, alijifunza kutonigusa bega kuniamsha, akawa ananiita jina kutoka mlangoni. Watoto wangu walijifunza kufunga mlango polepole kabla hawajajifunza kusoma. Niliacha kazi, nikafungua duka dogo la vitambaa na nyuzi mtaani kwetu Umoja ili nisivuke kwenda mjini. Miaka ikapita bila mimi kuiona Moi Avenue. Mtu angeniuliza ningesema biashara ya nguo inalipa kuliko ukarani.

Chini ya yote hayo kulikuwa na sentensi moja ambayo sikumwambia mtu yeyote: ningemzuia. Nilimwona anainuka, nilikuwa na mdomo, sikusema kitu.

Wengine walisema nina pepo. Mama mkwe alisema ni uchungu wa kawaida, utaisha nikizaa tena. Mimi nilidhani ni tabia yangu imeharibika. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba madaktari walikwisha kuupa ugonjwa huu nafasi katika vitabu vyao mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam hawalali. Na hapa kwetu, katika miezi ya kwanza baada ya mlipuko, Daktari Frank Njenga na wenzake waliwajazisha dodoso Wakenya 2,883. Kiasi cha asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa wa kiwewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, nami nikayasoma muda mrefu baadaye katika chumba cha kusubiri cha kliniki, nikalia mbele ya watu. Kumbe tulikuwa wengi hivyo. Kila mmoja kajifungia kwake, anafunga mapazia.

Lazima niseme pia kwa nini nilichelewa sana kuiamini tiba ya mazungumzo. Wiki chache baada ya mlipuko tulikusanywa ukumbini, watu ambao wengi hatukujuana. Kila mmoja aliombwa aeleze alichokiona. Mwanamume mmoja alieleza mambo ambayo mimi sikuyaona, na usiku huo nikayaota kana kwamba ni yangu. Tukapewa soda, tukashukuriwa, tukaenda zetu. Hakuna aliyetuita tena. Waliotukusanya walikuwa na nia njema, na miaka ile kikao cha namna hiyo kilifanywa dunia nzima baada ya kila msiba mkubwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kikao kimoja cha kusimulia hakizuii ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Lakini mimi niliondoka pale na funzo moja: kuongea kunaongeza ndoto mbaya. Kila aliyenitajia ushauri nasaha baada ya hapo nilimwona kama mtu anayetaka kunirudisha ukumbini. Nimekutana na manusura wengi waliofungiwa mlango na kikao kama kile, na ninaona ni hasara ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Kwa hiyo nilianza na vidonge. Vya kwanza vilikuwa diazepamu, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Valium, nilivyoandikiwa katika zahanati moja ya mtaani. Vilinilaza. Asubuhi nilikuwa mzito, ulimi mnene, na baada ya muda kidonge kile kile hakikunitosha. Bado kuna wagonjwa wa kiwewe wanaopewa diazepamu miezi na miezi, ndiyo maana nasema wazi: mwongozo wa Marekani kwa wanajeshi na maveterani unapinga dawa za jamii hiyo kwa ugonjwa huu. Zinaleta uraibu, na zinamtuliza mtu bila kugusa kinachomsumbua. Zikikatizwa ghafla baada ya matumizi marefu zinaweza kuleta hata degedege, kwa hiyo anayezitumia asizitupe leo. Amwone daktari apunguziwe polepole.

Dawa iliyofuata, sertralini, ilikuwa kitu kingine kabisa, nami siwezi kuisema vibaya. Daktari wa magonjwa ya akili aliponiandikia alinieleza kwamba si dawa ya usingizi wala si ya kulevya, kwamba inafanya kazi kupitia kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, na kwamba nisitarajie nafuu ya haraka kwa kuwa huchukua majuma kadhaa. Siku za kwanza nilisikia kichefuchefu na mikono ikawa na jasho. Nilitaka kuacha. Kisha, bila siku ambayo naweza kusema ndiyo hii, mambo yakalegea. Baba Mumo aliona kabla yangu. Alisema, “Mama Mumo, jana sufuria imeanguka jikoni na hukupiga kelele.” Sikuwa nakumbuka hata kwamba imeanguka.

Nililala. Hasira zilipungua, na watoto wakaanza kucheza sebuleni badala ya nje. Niliweza kufanya hesabu za duka bila kuzirudia. Kuna madhara mengine ambayo wanawake hawaambiwi na hawaulizi, ya chumbani, na yalinipata. Ilichukua muda kumwambia daktari, na alipojua alipunguza kipimo. Lakini kama mtu angeniambia wakati ule nichague kati ya maisha yale na maisha ya kabla ya dawa, nisingefikiri hata kidogo.

Hata hivyo sikuingia mjini. Sikufungua mapazia. Ile sentensi yangu ilikuwa pale pale, ila sasa niliweza kuibeba na kufanya kazi zangu. Baada ya muda mrefu wa kujisikia vizuri tulikubaliana na daktari nipunguze dawa kidogo kidogo hadi niache, tukafanya hivyo kwa utaratibu, na miezi ikapita kwa amani.

Tarehe 21 Septemba 2013 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa dukani, runinga ya kinyozi wa jirani ikiwa imewashwa, ndipo picha za shambulio la jengo la maduka la Westgate zikaanza. Watu wanakimbia, wengine wamelala chini ya magari. Tukio lile liliendelea hadi siku ya nne, na watu 67 waliuawa. Nilifunga duka. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimerudi 1998 kamili: usingizi umekwenda, vioo vimerudi, bega linauma mahali paliposhonwa. Hakuna kilichokuwa kimekwisha. Kilikuwa kimetulizwa, na kilichokituliza kilipoondolewa kikaamka. Sasa najua kwamba katika tafiti za sertralini wagonjwa walioachishwa dawa walirudiwa na ugonjwa mara nyingi kuliko walioendelea nayo. Siku ile sikuwa na habari hiyo, niliona tu kwamba nimeanguka upya.

Nilirudishiwa dawa. Na safari hii niliangukia kwa muuguzi wa afya ya akili ambaye aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: “Mama, wewe mwenyewe ungependa kutibiwa vipi?” Nilimwambia vidonge, kwa sababu mazungumzo niliyajaribu. Akaniuliza niliyajaribu wapi. Nilipomweleza habari za ukumbi na soda, alivuta kiti akakaa.

Alichonifafanulia siku ile, na nilichosoma baadaye, naweza kukisema hivi. Akili iliyopatwa na kiwewe imejifunza kwamba kumbukumbu yenyewe ni hatari, sawa na bomu. Kwa hiyo mtu anaikimbia: haendi mjini, hafungui pazia, hasemi. Kila akikimbia anapata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo inaithibitishia akili kwamba kweli kulikuwa na hatari. Dawa inapunguza ukali wa kengele. Tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe inamrudisha mtu kwenye kumbukumbu hiyo, mahali salama, mara nyingi, kwa mpangilio, na mtu aliyefunzwa pembeni, mpaka akili ijifunze upya kwamba kukumbuka hakuui. Ziko namna kadhaa. Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliunda ile niliyopewa mimi, ambayo huchukua vikao 8 hadi 15 vya kiasi cha dakika 90. Patricia Resick aliunda nyingine ya vikao 12, inayochambua yale ambayo mtu amejiaminisha kuhusu tukio. Iko pia inayotumia mwendo wa macho.

Kuhusu ipi ni bora, miongozo mikubwa haipingani sana. Ule wa Marekani kwa maveterani, uliotolewa upya mwaka 2023, unazitambua dawa tatu zenye ushahidi wa kutosha, sertralini, paroksetini na venlafaksini, lakini unasema mgonjwa akiweza kupata tiba ya mazungumzo ya kiwewe, hiyo itangulizwe. Uingereza inasema karibu hivyo hivyo. Sababu kubwa ni kwamba faida ya mazungumzo huelekea kubaki baada ya vikao kwisha. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Lori Zoellner, Norah Feeny na wenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 2019, kwa sababu ulimheshimu mgonjwa. Waliwachukua watu 200, wakawaeleza tiba ya Foa na sertralini, wakawauliza wanataka ipi. Asilimia 61 walitaka mazungumzo. Kisha kwa kura, wengine wakapewa walichochagua na wengine wakapangiwa tu. Tiba zote mbili zilisaidia sana, na nafuu ilidumu hadi miaka miwili ya kufuatiliwa. Lakini waliopewa walichokitaka walipona zaidi, na walishikamana na tiba yao zaidi. Nami nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kuulizwa.

Nilimwambia muuguzi nitajaribu mazungumzo, kwa sharti kwamba sertralini isiguswe. Mshauri aliyenipeleka kwake alikubali.

Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Vikao vya kwanza havikuwa na simulizi. Alinifundisha kupumua, akanieleza tutakachofanya na kwa nini, kisha tukaandika pamoja orodha ya vitu ninavyovikwepa, kila kimoja na alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Kufungua pazia la sebuleni mchana kulikuwa 30. Kiti cha dirishani kwenye matatu, 50. Kushuka Railways na kutembea hadi Moi Avenue, 85. Bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale palipokuwa ubalozi, niliiandikia 100. Nilimwambia hiyo tuiandike tu, sitakwenda.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Nilifumba macho na kuisimulia ile asubuhi kwa sauti, kana kwamba inatokea sasa: “Nimeshika simu. Nasikia mlio.” Nilipofika mwisho nilianza tena. Simu yangu ilikuwa inarekodi, na kazi yangu ya nyumbani ilikuwa kuisikiliza sauti yangu kila siku hadi kikao kijacho. Niliisikiliza chumbani mlango umefungwa, Baba Mumo amekaa na watoto nje. Sitaki kumdanganya mtu: majuma yale ya mwanzo yalikuwa mabaya kuliko nilivyokuwa nimeishi kwa muda mrefu. Ndoto ziliongezeka. Nilimpigia mshauri simu nikamwambia naacha. Akasema, “Mama Mumo, usiache katikati ya maumivu, njoo tuone yameishia wapi.” Nilikwenda, na nina hakika kilichonipa nguvu ya kwenda ni kwamba nilikuwa nimelala usiku ule saa tano mfululizo. Huo usingizi ulikuwa wa sertralini. Wanaosema kwamba dawa na mazungumzo ni njia mbili zinazoshindana hawajawahi kuketi katika kiti kile wakiwa hawajalala.

Kidogo kidogo simulizi ilianza kubadilika. Mambo niliyokuwa nimeyasahau yalirudi mahali pake: rangi ya sweta ya mwenzangu, mtu asiyejulikana aliyenibeba ngazini na kunifunga bega kwa tai yake. Mshauri aligundua kwamba kila nikifika pale mwenzangu anapoinuka, naharakisha. Nasema “akainuka, akaenda” kwa pumzi moja kisha naruka mbele. Akaniomba nirudie hapo tu. Hapo tu, kikao kizima. Na kikao kilichofuata.

Nilipofumbua macho aliniuliza, “Anapoinuka, wewe unajua nini?”

“Kwamba kuna milio ya bunduki.”

“Unadhani ni ya nani?”

“Ya wezi wa benki.” Miaka ile Nairobi milio mchana ilikuwa na maana hiyo.

“Mtu akiwatazama wezi wa benki kutoka ghorofani, anakufa?”

“Hapana.”

“Basi ungemzuia kwa sababu gani?”

Nilikaa kimya. Hakunisaidia kujibu. Nilitafuta sababu ambayo mwanamke yule mwenye simu mkononi, saa nne na nusu, angeweza kuwa nayo, na sikuipata. Nilikuwa nimemhukumu kwa habari iliyofika baada ya kosa lenyewe. Miaka mingi ya hukumu. Sertralini ilinifanya niweze kuibeba sentensi ile, lakini isingeweza kuniuliza nilijua nini.

Hatia ilipoanza kulegea, kilichokuja hakikuwa furaha. Kilikuwa huzuni. Nililia kwa ajili ya rafiki yangu kama aliyezikwa juzi, kwa sababu kwa kweli sikuwahi kumlilia. Nilikuwa na kazi ya kujishtaki. Mshauri alisema hii ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa na niiache ipite. Nilipanda basi hadi Machakos kumwona mama yake, ambaye nilikuwa nimemkwepa tangu mazishi. Mama yule mzee aliniambia, “Nilidhani mmemsahau.” Tulikaa siku nzima. Nilimweleza jinsi mwanawe alivyokuwa akicheka ofisini, vitu ambavyo hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kumweleza.

Orodha ile niliipanda. Pazia. Kiti cha dirishani, nikianza na safari fupi ya Umoja hadi Buruburu. Kisha mjini, mara ya kwanza na Baba Mumo kanishika mkono, mara ya pili yeye kanitangulia hatua chache, kisha peke yangu. Utaratibu ni kwamba usiondoke hofu ikiwa juu. Unabaki mpaka ishuke yenyewe, na mwili unaiona ikishuka. Nilisimama mbele ya duka la viatu Moi Avenue nikitetemeka, nikabaki, na ikashuka. Bustani ya kumbukumbu nayo niliingia. Nililitafuta jina lake ukutani kati ya majina yote yale, nikaweka kidole juu yake.

Tarehe 15 Januari 2019, Jumanne alasiri, magaidi walivamia hoteli ya DusitD2 kule Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. Habari zilinikuta dukani tena. Moyo ulidunda, mikono ikawa baridi, nikampigia kila mtoto kujua yuko wapi. Usiku ule sikulala vizuri. Usiku wa pili nililala. Vioo havikurudi. Niliwalilia wale watu kwa ajili yao wenyewe, na kesho yake nilikwenda kuchangia damu, mjini. Wakati ule nilikuwa bado nameza kipimo kidogo cha sertralini, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ulikuwa mtihani wa haki. Nimeacha dawa baadaye, polepole, chini ya uangalizi, na mpaka sasa naishi bila hiyo. Ikihitajika tena nitaimeza bila aibu.

Katika kikundi chetu cha manusura yuko mzee mmoja aliyepoteza macho yote mawili siku ile ya 1998. Alijaribu tiba kama yangu akaacha baada ya vikao vichache. Alisema picha ya mwisho aliyoiona duniani ni ile, na hataki kuirudia kwa hiari. Anameza dawa yake kila asubuhi, analala, anawafundisha wajukuu hesabu kwa kichwa, anacheka. Wako wanaomsukuma ajaribu tena. Mimi nimewaambia wamwache. Alielezwa njia zote mbili, akachagua, na anaishi.

Kinachoniuma ni wale ambao hawaelezwi. Kwetu Kenya kidonge huandikwa kwa dakika chache, mshauri aliyefunzwa tiba ya kiwewe hupatikana kwa taabu na kwa gharama, na kwa hiyo mgonjwa hupewa kilichopo na kuambiwa ndiyo tiba. Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Daktari Njenga huyo huyo kilipendekeza mwaka 2020 kwamba tatizo la magonjwa ya akili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Na sikubali hoja kwamba tiba ya mazungumzo ni ya nchi tajiri. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert walianza kuipima namna yao ya kusimulia maisha katika kambi za wakimbizi Uganda. Kule Imvepi, mwaka mmoja baada ya vikao vinne tu, asilimia 29 ya waliotibiwa hivyo ndio waliobaki na ugonjwa, na katika makundi mawili ya kulinganisha waliobaki nao walikuwa karibu asilimia 80. Kule Nakivale kazi hiyo ilifanywa na wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Katika Kivu Kusini kule Kongo, wanawake waliobakwa vitani walipewa tiba ya Resick kwa vikundi na wasaidizi ambao hawakuwa na shahada, karatasi za zoezi zikarahisishwa kwa wasiojua kusoma, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013: miezi sita baadaye, waliobaki na sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya 42 kwa wale waliopewa msaada wa kawaida. Kwa kiwewe hali ilikuwa hiyo hiyo. Na Kisumu, watafiti wamewapanga wagonjwa wa sonona na kiwewe katika hospitali ya umma waanze na dawa ya fluoksetini au na mazungumzo yanayotolewa na wasio wataalamu, na asiyepona kwa njia ya kwanza aongezewe au abadilishiwe. Huo ndio mpango ninaoutaka kila kaunti.

Siku hizi wananitumia watu. Muuguzi yule akipata mgonjwa anayeogopa mazungumzo, humwambia azungumze na Mama Mumo kwanza. Wengi ni vijana, wa ajali za barabarani, wa uvamizi wa nyumbani, mmoja ni askari aliyerudi kutoka Somalia. Swali lao huwa moja: nianze na ipi? Nami huwauliza kama wanalala. Asiyelala kabisa, au anayefikiria kujidhuru, namsindikiza kwa daktari siku hiyo hiyo, na kabla hatujatoka kliniki tunaandikisha jina lake kwa mshauri. Anayelala kidogo na kuweza kukaa kitini saa moja na nusu, namweleza habari za orodha na rekodi, pamoja na majuma yale mabaya ya mwanzo, kisha namwachia achague. Yule askari amechagua mazungumzo. Anaanza Jumatatu.